Kwa Mtani Wangu Uliyefungwa kwa Mbuzi wa Hitima

Mpendwa mtani, mla vya wafiwa,

Najua kusoma hujui, na barua ya mfungwa hufunguliwa kabla haijamfikia mwenyewe, kwa hiyo hii sikuitia hata gundi. Nimeikunja tu. Naambiwa yupo askari jela mmoja, mtu wa Sudi, anayesoma herufi za Kiarabu kama nilivyofundishwa mimi chuoni, na yeye ndiye atakayekaa nawe akusomee. Bwana msomaji, nakusalimu, na nina ombi moja: soma yote. Ukifika penye matusi usiruke, maana matusi ndiyo salamu zetu mimi na huyo aliyekaa mbele yako. Na ukifika mahali pa kucheka, cheka kwa sauti asikie. Mbele utaelewa kwa nini nakuomba hivyo.

Mtani, niko hapa hapa Lindi, nyumbani kwa mama mdogo, na nina siku mbili tu. Alhamisi asubuhi natakiwa nirudi bomani mbele ya wale Wazungu wa Tume, niape, niseme neno, na neno lenyewe silijui. Tangu jana nimeshika kichwa. Mama mdogo amenipikia mchuzi wa ngisi, nimeurudisha jikoni. Nikifikiri naona nimekosa mimi, nikigeuka naona sikukosa, nikigeuka tena naona mmekosa nyote na mimi nimo. Nimeona nikueleze wewe, labda litanyooka. Wewe ulikuwa hodari wa kuninyoosha, tena kwa maneno ambayo mbele ya mkwe hayasemeki.

Naanzia mbali kidogo kwa faida ya bwana msomaji. Babu yako alikuwa Mmatumbi wa huko Kipatimu milimani, babu yangu mtu wa Kivinje, wakagombana nusura wauane kwa jambo ambalo leo hakuna anayelikumbuka. Wazee wakawapatanisha, na ili ugomvi usirudi wakawekewa utani, wao na wajukuu wao. Tangu hapo ninyi mkishuka na vikapu vyenu vya mihogo mnaingia kwetu bila hodi, mnafunua vyungu, mnatukana chumvi. Sisi tukipanda kwenu tunafanya vile vile. Hakuna kukasirika. Akasirikaye ndiye anayelipishwa kuku.

Mimi nilizaliwa nikakukuta una miaka minne, na mama alinisimulia kwamba ulipoletwa kunitazama ulisema nina sura ya popo. Hukuliacha neno hilo tena. Siku ya harusi yangu ulikaa mlangoni na mkuki wa kuwindia nguruwe, ukamkatalia bwana harusi asiingie, ukasema, “Popo huyu ni mke wangu tangu enzi za babu, nipe kilemba chako au urudi kwenu.” Akakuvulia kilemba. Marehemu mume wangu alikipenda kisa hicho, alikisimulia mpaka anaingia kaburini, na kila akisimulia mkuki unazidi kurefuka.

Nami sikuwa nyuma. Ulipovunjika mguu nilipanda Kipatimu kwa miguu, na nilipofika uani kwako nikaangua kilio kama umekwisha kufa, nikaanza kuwagawia majirani vitu vyako. Jembe nikampa huyu, mkeka nikampa yule, mkeo nikasema nitamtafutia mume mwenye miguu miwili. Ulicheka mpaka mganga wa mifupa akanitoa nje kwa kuwa banzi zilikuwa zinalegea. Baadaye nilikaa siku tisa nikisaidiana na mkeo kukuchemshia maji ya kukanda. Hilo hatukulitaja kamwe, si desturi.

Ndiyo maana baba alipofariki, wa kwanza kuletewa habari ulikuwa wewe, kabla hata ya shangazi zangu. Ulikuja siku ile ile. Wanaume waliporudi kutoka makaburini walikuwa wanalia na kucheka pamoja, wakasema ulijilaza mwanandani ukakataa kutoka, eti pamekupendeza, mpaka ukapewa kofia ya marehemu. Kwa haya nilikushukuru moyoni. Mama yangu alikuwa chumbani, hajatia kitu kinywani, anatazama ukuta. Tulimwita hakuitika. Nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa maiti.

Siku ya tatu, siku ya hitima, mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mlimau uani, wanawake wanapepeta mchele. Ukatoka chumbani kwa baba umevaa kanzu yake, kofia yake, miwani yake iliyofungwa uzi, na kifua chake cha kukohoa. Ulikohoa vile vile. Ukatembea vile vile, mkono mmoja mgongoni, ukasimama mbele ya mama ukamuuliza, “Wewe mwanamke, uji wangu uko wapi?” Mama akakutazama. Nilidhani atazimia. Akacheka, mtani. Akacheka na machozi yanamtoka, akasema, “Uji wako umepoa kwa kuchelewa kwako.” Akaomba bakuli akanywa yeye. Basi hapo ningekupa na nyumba.

Ukamfungua mbuzi ukamburura kuelekea barabarani. Nami nikajifunga kanga kiunoni nikakufukuza, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu yangu. Asipofukuzwa mtani, kuna raha gani? Nikapaza sauti mpaka kule sokoni, “Mwizi! Mwizi huyo, mkamateni!” Majirani wakadakia. Ulikimbia unachechemea na mguu wako mbovu, miwani imekaa upande, mbuzi ndiye anayekuvuta wewe. Ilikuwa uende mpaka msikitini, urudi, ukae barazani ukatae kumtoa mpaka uahidiwe mguu wa nyuma. Tumefanya hivyo misiba yote.

Pale penye kona akasimama askari mgeni, ana wiki mbili Kivinje, mtu wa kutoka mbali bara. Akakushika mkono. Ukacheka, ukampa na mkono wa pili. Akatia pingu. Nasi, Mungu atusamehe, tukapiga makofi, tukasema askari huyu naye kumbe ana utani! Nilikuambia nini vile? Nilikuambia, “Leo umempata mume.” Ukaenda zako umevaa kanzu ya baba, unakohoa, watoto wote nyuma yako.

Liwali angekuwa mzima yasingetokea haya. Angesikiliza nusu, angetufukuza wote barazani kwake, angebaki na ile nyama ya mguu wa nyuma. Lakini alikuwa kitandani ana homa, na kesi ikapelekwa kwa Bwana Shauri, Mzungu mtawala wa wilaya. Kijana, mgeni pia, mwenye adabu zake. Alinivutia kiti. Nataka bwana msomaji ajue hilo, kwamba hakuna aliyetufokea. Mkalimani naye alikuwa mtu makini, alitafsiri tulichosema. Nimejaribu kumtafutia kosa miezi mitano, sikulipata.

Ulikuwa umesimama pale kizimbani, bado umevaa ile kanzu. Bwana Shauri akauliza, “Ulimchukua mbuzi?”

“Nilimchukua.”

“Mbuzi alikuwa wako?”

“Wa kwao huyo popo.” Mkalimani akamwacha popo.

“Kwa nini ulimchukua?”

“Kwa sababu baba yake amekufa.”

“Ukiachiwa, utafanya tena?”

“Akifa mwingine nitachukua na ng'ombe.”

Watu kwenye mabenchi hoi. Walikuwapo wazee wa mtaa, wenye ndevu zao, watu wanaojua utani kuliko mimi, wote wanajifuta macho. Hakuna hata mmoja aliyenyanyuka akasema, Bwana, ngoja kidogo. Mimi pia sikunyanyuka. Nilikuwa naona raha. Nitasema kweli, kwa kuwa barua hii iko wazi: nilitaka ulale mahabusu hata usiku mmoja, nipate la kukusema mwaka mzima. Ndilo nililolitaka, mtani, usiku mmoja.

Nikaapishwa. Uliita mwizi? Niliita. Ulimwona kwa macho yako? Nilimwona. Ulimpa ruhusa? Nikasema, “Simpi, na hajawahi kupewa.” Yote kweli tupu. Halafu akaniuliza kwa upole kama nina neno la mwisho la kuiambia mahakama. Nikakugeukia wewe, nikakuona umenikodolea unangoja, unajua litakuja tusi, nikasema, “Mfungeni mwaka mzima, Bwana, tupumzike. Ametumalizia chakula tangu enzi za babu.”

Ukapiga goti ukasema, “Ahsante mke wangu.” Kicheko kikajaa chumba. Bwana Shauri akangoja tunyamaze, akaandika, akaandika, akainua kichwa. Miezi tisa na kazi ngumu, kwa sababu mshitakiwa amekiri, hana majuto, anaahidi kurudia, na mlalamikaji mwenyewe ameomba adhabu kali. Mkalimani akayasema kwa Kiswahili. Sisi tuliendelea kucheka kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakanyaga ngazi ambayo haipo. Wewe meno bado yalikuwa nje. Ukaniambia, “Haya, mtani, waambie basi.”

Nikasimama. Nilisema, “Bwana, huyu ni mtani wangu.” Bwana Shauri akaniambia ahsante, kesi imekwisha, na tarishi alikuwa ameshaita wanaofuata, watu wawili wa Kinjumbi waliogombania nyavu. Nilisimama pale mpaka mmoja wao akaniomba nimpishe.

Siku zile zilizofuata nilikwenda kwa Liwali alipopata nafuu. Alisikitika, akaandika barua. Ikajibiwa kwamba mshitakiwa alikiri, hakuna la kukatia rufaa. Nilikwenda kwa yule askari nikamtukana, na si kwa utani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mama, kwetu tuna utani pia, lakini wa kwenu mimi ningeujuaje? Uliita mwizi. Mwizi alikuwa anakimbia. Mbuzi alikuwepo.” Nikarudi nyumbani nimemkasirikia zaidi kwa kuwa hakuwa mtu mbaya.

Na mama hakupona, mtani. Hilo nadhani hukuambiwa. Alipojua umefungwa alirudi kwenye ule ukuta wake, na baada ya miezi mitatu tukamzika. Ndugu zako wa Kipatimu hawakushuka. Hakuna aliyelala mwanandani, hakuna aliyeficha jembe la mchimba kaburi, hakuna aliyeiba hata kifuu. Msiba ulikuwa na adabu tupu. Watu wakala, wakanawa, wakaondoka, na mbuzi wa hitima alichinjwa bila kukimbizwa na mtu. Nilimlilia mama, nikakulilia na wewe humo humo, nikiwa sijui lipi ni la nani.

Sasa hili la Tume. Mwezi uliopita karani alisoma barazani kwamba Serikali imeunda Tume ya kuchunguza jinsi kesi za jinai zinavyohukumiwa katika nchi, na kama kuna njia bora zaidi. Tume itakaa Lindi, mwenye jambo apeleke. Watu hawakuelewa. Wengine walisema wanakuja kufuta jela, wengine walisema wanakuja kuhesabu minazi. Jirani yangu alisema ni Wazungu wanashitakiana wao kwa wao, tuwaache. Mimi nilisikia neno moja tu, kesi. Nikafunga kanga mbili, nikapanda lori la mizigo, juu ya magunia ya ufuta, siku mbili mpaka hapa. Njia nzima nilikuwa nakuandalia matusi ya kukupokelea. Nilidhani nakuja kukuchukua.

Walikaa ghorofani bomani, Wazungu watatu nyuma ya meza, na mkalimani wao mzee wa Lindi, mtu wa heshima. Mwenyekiti ni mzee mwenye masikio mekundu, anasikiliza ameinamisha kichwa kama anayesikia vibaya. Nikaeleza mwanzo mpaka mwisho. Hawakunikatiza. Nikasema moyoni, leo limepata wenyewe.

Mwenyekiti akauliza, “Huu utani, nani anajua mipaka yake?”

“Kila mtu, Bwana.”

“Askari hakujua.”

“Askari si mtu wa hapa.”

“Basi si kila mtu.” Akauliza tena, “Ukiibiwa kweli, unaita nini?”

“Mwizi.”

“Na kwa mtani?”

“Mwizi.”

“Kwa sauti nyingine?”

“Sauti ile ile, Bwana. Tukiipunguza si utani tena.”

Wakatazamana. Yule wa kulia, mwembamba, akaniuliza kama ningependa sheria iandikwe kwamba mtani akichukua mali msibani si mwizi. Nikafungua kinywa kusema ndiyo, kikakataa. Nikamwona akilini mtu anakuja na mbuzi wetu mkononi na karatasi ya Serikali mkono wa pili, imepigwa muhuri. Nitamkimbizaje? Tena kesho atatokea mwizi kweli aseme yeye ni mtani. Nikasema, “Hapana, isiandikwe.” Akauliza, “Basi iandikwe nini?” Nikasema sijui. Akaniuliza kama ingefaa wazee wawili wa mji wakae pembeni mwa Bwana Shauri kila kesi, wamweleze desturi. Nikasema ingefaa sana. Halafu nikakumbuka wale wazee wa kwenye mabenchi, wanavyojifuta macho. Wangekaa pembeni yake nao wangecheka, na yeye asingejua wanacheka nini. Nikasema na hilo pia sijui. Mtani, nilikuja kuwafundisha watu wale, nikawaachia maswali zaidi ya waliyokuja nayo.

Ndipo mwenyekiti akafungua jalada la kesi yetu. Kumbe lilikuwapo hapo hapo mezani muda wote. Mkalimani akanisomea kwa Kiswahili maneno yangu ya mwisho, lile la mwaka mzima na lile la chakula. Yalisomwa kwa sauti ya polepole, ya mzee mwenye heshima zake. Nilisikia mwanamke mbaya akizungumza.

“Haya ni maneno yako?”

“Ni yangu.”

“Ulikuwa unacheka?”

“Nilikuwa nacheka. Na yeye alicheka. Wote tulicheka, Bwana, nyumba nzima.”

Akageuza karatasi, akatazama mbele na nyuma, akamwambia mkalimani, na mkalimani akanigeukia akasema, “Kicheko hakikuandikwa.”

Nikawaambia basi kiandikeni nyinyi, mfungueni mtu. Mwenyekiti akatikisa kichwa. Tume haihukumu wala haifungui mtu, akasema, Tume inauliza, inaandika, inampelekea Gavana. Nikauliza Gavana atafanya nini. Akasema atasoma. Mtani, nimekaa siku mbili juu ya ufuta kuja kwa watu wanaouliza. Hata kukasirika nilishindwa, kwa jinsi nilivyochoka.

Lakini alipoona nimekaa tu sinyanyuki, akasema kuna njia. Kama mlalamikaji ana neno jipya la kiapo, yeye anaweza kulipeleka kwa Jaji, na Jaji anaweza kulifungua jalada. Akaniuliza polepole, huku ananitazama, “Je, ulikuwa umempa yule mbuzi kabla hajamchukua?” Neno moja tu, ndiyo, na ungetoka. Nililiona liko mlangoni mwa kinywa. Na yule mwembamba akasema jambo, na mkalimani akalitafsiri: nikumbuke pia kwamba mtu anayemwita askari akamshike asiye mwizi, naye ana kifungu chake cha sheria. Mwenyekiti akasema nisijibu leo. Niende nikafikiri, nirudi Alhamisi.

Nikashuka ngazi, na wewe ulikuwa hapo chini.

Sikujua kama wangewaleta kufyeka majani ya boma siku hiyo. Mlikuwa saba. Nilikujua kwa mguu kabla ya uso. Umekonda, umenyolewa, fulana ya jela imekupwaya. Moyo wangu ulipaa kwa furaha, wallahi, nikasahau Tume na Gavana wake, nikayakusanya matusi yangu ya njia nzima nikachagua lililo kubwa. Ukainua uso ukaniona. Ukaweka fyekeo chini, ukavua kofia, ukatazama miguu yangu, ukasema, “Shikamoo, bibi.”

Wewe, uliyenizidi miaka minne. Wewe, ambaye tangu nizaliwe hujanipa salamu ya adabu hata moja, sikukuu wala msibani. Na mimi, kwa mazoea ya kinywa tu, nikaitikia, “Marahaba.” Nikapita.

Nilifika kwa mama mdogo sijui kwa njia gani. Mpaka sasa nalitafuta lile neno kila upande. Yawezekana askari jela wamewaamuru mwamkie kila atokaye ghorofani. Bwana msomaji, kama ndivyo, mwambie nimeelewa. Yawezekana una hasira, na hiyo ndiyo adhabu uliyonichagulia, na kama ndiyo basi umeipima sawasawa. Yawezekana ulikuwa utani, mkubwa kuliko wote, na ulikuwa unangoja niangue kicheko, nami nikakupita na marahaba yangu kama mke wa Liwali. Au yawezekana wamekutoa humo ndani ule utani, pamoja na nywele. Hili la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Nimekujua miaka yote hii, na mbele ya sauti yako nilisimama kama yule askari kwenye kona, nasikia neno, sijui nisikie nini.

Basi nimeandika mpaka hapa na taa ya mama mdogo inakaribia kwisha mafuta, na bado sijui nani alikosa, wala sheria njema ni ipi. Hilo nawaachia wenye Tume, wao wamepewa meza na wino. Ila nimejua nitakalosema Alhamisi. Sitasema nilikupa mbuzi. Sikukupa, na nikiapa kwamba nilikupa nitakuwa nimemgeuza mtani kuwa mtu wa kupewa. Nitawaambia kwamba baba alipokata roho mbuzi alikuwa wako, bila kupewa na mtu. Kwamba niliyeita mwizi ni mimi, na niliyeomba ufungwe ni mimi. Kwamba nilijua wewe si mwizi, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa naona raha. Kama hilo lina kifungu, waandike jina langu, nitatia sahihi. Sijui kama litakutoa. Yamkini watatufunga wote wawili, na kwa haki yao.

Naogopa, mtani. Mimi si kijana, na jela ya wanawake naambiwa ni kusaga mahindi kutwa. Lakini wakikutoa wewe wakaniingiza mimi, tutakutana hapo langoni, wewe unatoka, mimi naingia. Uje karibu. Nitukane mbele ya maaskari wote, nitukane na ukoo wangu wote, walio hai na wafu. Nicheke nilivyovaa. Chochote utakachoona kinafaa, Selemani, ila usinipe shikamoo.

Ni mimi, mtani wako wa Kivinje,
binti wa yule uliyemvalia kanzu.